Kauri, Rupia na Kadi Mlangoni pa Uwanja

Kila mlango una mngoja wake, na kila mngoja ana jambo alitakalo kabla ya kumruhusu mtu kupita. Mlango wa nyumba hutaka hodi, mlango wa shule hutaka karo, na mlango wa uwanja wa kandanda hutaka kiingilio. Msomaji, huenda wewe mwenyewe umepata kusimama siku ya Jumapili alasiri mbele ya uwanja mdogo wa Malindi, Watamu, Mambrui au Kilifi. Umeona kamba iliyofungwa baina ya minazi miwili, umeona meza kuukuu, na juu yake mkebe wa bati wenye tundu la kutilia sarafu. Nyuma ya meza ameketi mtu mzima anayeheshimiwa mtaani, na kando yake muuza mabuyu na muuza viazi vya karai wanaita wateja.

Siku hizi amefika mgeni katika milango ya namna hiyo. Ni mashine ndogo inayoenea kiganjani, ambayo mtu huigusa kwa kadi, ikalia mlio mfupi, na malipo yakawa yamekwisha. Hakuna noti, hakuna sarafu, wala hakuna kungojea chenji. Viwanja vikubwa duniani vimekwisha kumpokea mgeni huyu, na sasa vilabu vidogo navyo vyajiuliza: je, twaweza kuufunga mkebe wa bati?

Swali hili laonekana kuwa la mafundi na watu wa benki. Mimi nalichukua kuwa swali la historia. Pwani yetu imebadilishiwa fedha mara nyingi, na katika kila badiliko walikuwako waliopita mlangoni na waliobaki nje. Basi tuyatazame mabadiliko hayo kwanza, kisha turudi uwanjani.

Nenda Gede, mwendo mfupi kutoka Malindi, katika magofu ambayo mwaka 1948 James Kirkman alianza kuyafukua, na ambayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Miongoni mwa nyumba za mawe zilizomo, moja yaitwa Nyumba ya Kauri, na nyingine yaitwa Nyumba ya Fedha za Kichina. Majina hayo yalitokana na vitu vilivyookotwa ndani yake. Kauri ni simbi wa baharini, na fedha za Kichina ni vipande vya shaba vyenye tundu katikati. Mambrui nako, mwaka 2010, wachimbuzi wa Kenya na wa China waliokota sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala tangu mwaka 1402 hata 1424. Katika zama za mfalme huyo huyo, mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walimpelekea zawadi ya twiga. Kusini zaidi, masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao za shaba, na maneno ya upande mmoja yalipatana vina na maneno ya upande wa pili, kana kwamba mfua sarafu alikuwa mshairi.

Katika habari hizi yatupasa kukumbuka jambo moja. Simbi halilishi mtu, wala shaba yenye tundu haivaliki. Vitu hivyo vilikuwa na thamani kwa sababu aliyepokea leo aliamini kuwa kesho mtu mwingine atavipokea kwake. Fedha ni imani iliyotiwa katika kitu, nayo kadi ya leo haikutoka nje ya kanuni hiyo.

Karne ya 19 ilileta fedha nyingine. Malindi ilipofufuka chini ya himaya ya Unguja, mashamba yake yalitoa mtama na ufuta kwa wingi, mazao yaliyolimwa kwa jasho la watumwa ambao wenyewe hawakupata hata ujira. Biashara ya pwani ikahesabiwa kwa reale ya Sham, sarafu nzito ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, na mwaka huo ukaendelea kuandikwa juu ya sarafu zilizopigwa miaka mingi baada ya kifo chake, kwa kuwa wafanya biashara walikwisha kuizoea sura ile na uzito ule. Kwa manunuzi madogo ilitumika pesa ya shaba, na jina hilo tulilipata kutoka Bara Hindi. Sultani Barghash wa Unguja alitoa pesa zake mwaka 1299 wa Hijra, nazo zilichorwa mizani. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyopewa kuitawala pwani hii ilitoa pesa yenye jina la Mombasa, nayo pia ikabeba picha ya mizani. Tafadhali, msomaji, uikumbuke mizani hiyo, maana tutaihitaji mbele.

Baada ya kampuni ikaja serikali ya kikoloni, na rupia ikawa ndiyo fedha ya kuhesabiwa kodi. Mwaka 1901 iliwekwa sheria ya kodi ya nyumba. Mgiriama aliyekuwa na mahindi ghalani, mbuzi zizini na minazi shambani hakuwa maskini machoni pa jirani zake. Lakini mbele ya meza ya mtoza kodi utajiri wake ulikuwa kama si kitu mpaka uwe rupia. Na ili apate rupia ilimpasa auze mazao yake kwa bei aliyoikuta, au akauze nguvu zake katika mashamba ya wageni. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya watu wake kuyapinga mambo hayo ya kodi na kazi za kulazimishwa. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali huko Kisii, wakatoroka na kurudi kwao kwa miguu. Mwezi wa Agosti 1914 serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, na mwisho wake Wagiriama wakatozwa faini nzito, nayo ikahesabiwa kwa rupia.

Sisemi kwamba mashine ya kadi ni sawa na baruti ya mwaka 1914. Kusema hivyo kungekuwa ni kuwadharau waliokufa. Nasema tu kwamba anayechagua aina ya fedha itakayopokewa mlangoni ana mamlaka makubwa kuliko adhaniavyo, kwa kuwa huchagua pia nani atakayepita. Ubaya wa rupia haukuwa katika madini yake. Ulikuwa katika kulazimishwa watu waliokuwa na mali ya kutosha kuonekana hawana kitu.

Zama za rupia zilipokwisha, mwaka 1921 iliingia shilingi ya Afrika Mashariki. Wazee walizijua vizuri senti zake zilizotobolewa katikati, zikawa rahisi kutungwa uzini. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Kenya iliundwa, na shilingi ya Kenya ikatoka. Mwezi wa Desemba 2018 zilitolewa sarafu mpya zenye picha za wanyama badala ya sura za viongozi: twiga katika shilingi 1, kifaru katika shilingi 5, simba katika shilingi 10, na ndovu katika shilingi 20. Hivyo twiga, aliyetoka Malindi kwenda China zaidi ya miaka 600 iliyopita, amerudi nyumbani katika kiganja cha mtoto.

Kandanda nayo ilikua pamoja na shilingi. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na mtengeneza sabuni. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, na mwaka 1965 Feisal ya Mombasa ikaitwaa, pwani nzima ikafurahi. Lakini kandanda iliyo nyingi haichezwi na mabingwa. Huchezwa katika viwanja visivyo na jukwaa, na vilabu vidogo, ambavyo jezi zake, mpira wake na nauli ya safari yake hutegemea fedha zinazoanguka mkebeni.

Nilipokuwa mtoto nami nilisimama nje ya kamba mara nyingi. Pengine nilikuwa na shilingi 10, na pengine sikuwa na kitu. Sisi tusiokuwa na kitu tulijua desturi: kipindi cha pili kilipoanza, mngoja mlango aliinua kamba bila ya kusema neno, nasi tukaingia mbio. Siku nyingine aliwapisha mapema watoto wa mjane fulani, akajifanya haoni. Mtu yule alikuwa mwema, wala simsahau. Lakini nilipokuwa mkubwa nikajua pia kwamba katika vilabu vingi mkebe hufika mezani kwa mtunza hazina ukiwa mwepesi kuliko ulivyostahili. Watu huhesabiwa 300, na fedha huhesabiwa za watu 200. Hapo ndipo penye fumbo la mlango wetu: mkono uwezao kusamehe ndio huo huo uwezao kuficha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mkebe wa bati hauna daftari.

Hebu sasa tumjue mgeni wetu. Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa, na watu waliokuwa hawajapata kukanyaga mlango wa benki wakaanza kutumiana fedha kwa simu. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, ada za kutuma kiasi kisichozidi shilingi 1,000 ziliondolewa kwa muda, ili watu wapunguze kushikana noti mikononi. Tangu hapo mvuvi na muuza madafu wamezoea kulipwa pasipo sarafu. Kadi ya kugusa ni ndugu wa jambo hilo. Ndani yake umo waya mwembamba uliozungushwa mara kadhaa, na kijiwe kidogo chenye kumbukumbu, betri haimo. Mashine hutoa mawimbi ya sumaku yanayobadilika-badilika, na kadi ikikaribia kwa sentimita chache, mawimbi hayo huzaa umeme ndani ya ule waya. Kanuni hiyo ilivumbuliwa na Michael Faraday mwaka 1831, nawe utaisoma katika somo la fizikia. Kijiwe huamka kwa umeme huo, hujibu kwa alama ya siri ifaayo mara moja tu, na benki huandika: fulani amelipa, saa kadhaa, kiasi kadhaa. Mgeni huyu, tofauti na mkebe, amekuja na daftari lake.

Je, wenzetu walipompokea iliwaje? Mwaka 2013 Google na benki ya Equity zilileta katika matatu za Nairobi kadi iliyoitwa BebaPay. Mwaka 2014 serikali ikaagiza kwamba matatu zote ziache kupokea fedha taslimu. Agizo lile halikushika. Kadi zilikuwa za namna nyingi, na ya kampuni moja haikufaa kwa nyingine. Makondakta na madereva, waliozoea kupata chao kila jioni kutoka katika fedha za mkononi, hawakuona faida yao. Nauli nayo hupanda mvua inaponyesha na hushuka gari linapokosa abiria, na kadi haikujua mapatano hayo. Mwaka 2015 BebaPay ikafungwa. Lakini tazama ajabu: matatu nyingi baadaye zilianza kupokea malipo ya simu, pasipo kushurutishwa, kwa sababu abiria na kondakta wote walikwisha kuiamini M-Pesa. Lililoshindwa kwa amri lilifaulu kwa mazoea.

Huko London, mabasi yalianza kupokea kadi za benki za kugusa mwezi wa Desemba 2012, na yakaacha kupokea fedha taslimu mwezi wa Julai 2014. Hapo awali, tangu mwaka 2003, abiria walikuwa wamezoea kadi ya usafiri iitwayo Oyster. Watu walipewa miaka zaidi ya 10 ya kujifunza kabla ya sarafu kukataliwa. Jirani zetu wa Dar es Salaam nao wana kadi ya N-Card, ambayo mashabiki wa Simba na Yanga huitumia kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa, na wavuka bahari huitumia katika kivuko cha Kigamboni. Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa pamoja mashindano ya CHAN, watu wengi wasio na tiketi walijipenyeza Kasarani, hata Shirikisho la Kandanda la Afrika likapunguza idadi ya watazamaji na kutaka tiketi za mtandao tu. Kiwanja kikubwa kina sababu kubwa: msongamano mlangoni huweza kuua.

Turudi sasa katika kamba yetu baina ya minazi miwili. Tuseme klabu yatoza shilingi 50, na watazamaji ni 300. Mapato ni shilingi 15,000. Ikiwa theluthi hupotea njiani, klabu hupata 10,000, na kwa shilingi 5,000 zilizopotea ingeweza kununua mpira au kulipa nauli ya safari. Mashine ya kadi ingeziokoa fedha hizo. Zaidi ya hayo, klabu yenye hesabu safi huweza kwenda kwa mfadhili au benki ikiwa na uso mkavu, ikaonyesha mapato ya msimu mzima. Hizo si faida ndogo.

Lakini yatupasa kuuweka na upande wa pili wa mizani. Mwenye mashine hutaka ada yake katika kila malipo, na ada ndogo katika shilingi 50 si ndogo. Mtandao ukikatika alasiri, mlango umefungika. Kadi na simu zataka mwenye kitambulisho, na mtoto wa miaka 12 hana. Mgema atokaye mnazini na sarafu zake mfukoni, na bibi auzaye kashata ambaye mapato yake yote ni shilingi kumi kumi, watafika mlangoni wakiwa na fedha halali ya nchi yao, yenye simba na ndovu, na wataambiwa haipokewi. Je, watakuwa na tofauti gani na yule Mgiriama aliyekuwa na ghala lililojaa mbele ya meza ya rupia? Tena mashine haiinui kamba kipindi cha pili. Haijui mtoto wa mjane ni nani.

Kwa haya yote mimi sishauri klabu imkatae mgeni, wala sishauri imfungulie nyumba nzima siku ya kwanza. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na mwenye busara hukijaribu kabla ya kukisifu. Iwekwe milango miwili, mmoja wa kadi na simu, na mmoja wa sarafu. Lakini mlango wa sarafu utoe tiketi zenye nambari na vishina, na mapato ya milango yote yaandikwe katika daftari moja, kisha jumla ibandikwe ukutani kila Jumatatu mahali ambapo kila mwanachama ataisoma. Jambo la pili ni kubwa zaidi: ile huruma ya mngoja mlango iandikwe katika kanuni za klabu. Iandikwe kwamba watoto huingia bure kipindi cha pili, na kwamba watu kadhaa wasiojiweza hupewa nafasi kila mchezo. Huruma iliyoandikwa haiwezi kuwa kichaka cha mwizi, wala haitoweki mashine inapowasili. Na ikiwa baada ya misimu kadhaa mlango wa sarafu utakosa watu wenyewe, bila ya kufukuzwa mtu, basi hapo mkebe utakuwa umestaafu kwa heshima, kama ilivyostaafu reale ya Sham.

Msomaji kijana, yawezekana utadhani kwamba mambo haya ni ya wazee wa kamati. Sivyo. Katika vilabu vya mitaani vijana wa shule ndio waandishi, ndio wahesabu, na mara nyingi ndio wanaojua kuitumia mashine kuliko baba zao. Jumapili moja utaombwa ushike daftari la mlango. Siku hiyo zikumbuke kauri za Gede, uikumbuke na meza ya rupia. Zaidi ya yote ikumbuke ile pesa ya shaba ya mwaka 1888, ambayo thamani yake ilikuwa ndogo kuliko zote, lakini ilichorwa mizani. Hesabu kwa haki kilichoingia, kisha inua macho utazame nje ya kamba, na uhesabu pia nani hakuingia.